Maji ya moto Ngokolo yatoke juani

Saa 11 alfajiri, mwezi Juni au Julai, hewa ya Shinyanga hukaribia nyuzi 15. Katika ua mmoja wa kata ya Ngokolo moshi unapanda kutoka jiko la mkaa lililobeba sufuria ya maji ya kuoga. Katika nyumba ya pili hita ya umeme imetumbukizwa ndooni, na mama mwenye nyumba anawakemea watoto wasiisogelee. Katika ya tatu jagi la umeme linachemshwa mara ya nne, kwa kuwa maji ya jagi moja hayatoshi kuoga hata mtoto mdogo. Mwalimu anawahi kipindi cha kwanza, karani anawahi ofisini, na wote hao wamekwisha kulipia maji ya moto kabla hata ya kulipia chai.

Saa 4 baadaye mabati ya nyumba hizo hizo hayashikiki. Ikifika saa 8 mchana, mtoto akifungua bomba lililopitishwa juu juu ya ardhi, maji ya kwanza yanayotoka humchoma mkono, naye huyaacha yamwagike mpaka yapoe. Kila mkazi wa Ngokolo analijua jambo hilo, na hapana anayelistaajabia. Maji ya moto humwagwa mchana, kisha maji ya baridi hununuliwa joto alfajiri. Kinachokosekana kati ya saa 8 mchana na saa 11 alfajiri ni chombo cha kulikusanya joto na nguo ya kulivika. Jua liko tele.

Inafaa jambo hili litazamwe kwa hesabu, kwani wengi hulichukua kuwa dogo. Ndoo ya lita 20 ikitakiwa kupanda nyuzi 20, yaani kutoka ubaridi wa asubuhi hadi uvuguvugu wa kuogea, huhitaji karibu nusu uniti ya umeme. Nyumba ya watu 6, kila mtu na ndoo yake, itatumia karibu uniti 3 kwa siku, na kwa mwezi zaidi ya uniti 80. Mtumishi anayeijua LUKU yake ataona mara moja hatari iliyopo. Katika bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alitengewa shilingi 100 kwa uniti, mradi wastani wa matumizi yake usivuke uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida aliwekewa shilingi 292, kabla ya kodi. Maji ya kuoga peke yake, kabla ya taa, redio, pasi au jokofu, yanatosha kuivusha familia mpaka huo. Kwa bei ya kawaida, uniti 80 ni zaidi ya shilingi 23,000 kila mwezi, zinazomwagika chini pamoja na povu la sabuni.

Kweli, watoto hawaogi ndoo nzima, na mwezi Oktoba hakuna mwenye hamu ya maji ya moto. Hesabu hiyo ipunguzwe nusu basi. Bado nusu iliyobaki si ndogo kwa mshahara wa mwalimu anayeanza kazi.

Hesabu ya mkaa ni nzito zaidi, ingawa haionekani kwenye mita yoyote. Jiko la kawaida hupeleka majini yapata sehemu moja tu katika tano ya joto la mkaa. Nne zilizobaki huota upepo. Kwa ndoo moja ya maji ya kuoga, zaidi ya robo kilo ya mkaa huwa majivu. Nao mkaa wenyewe umetoka katika tanuri la udongo, ambamo kilo 8 hadi 10 za kuni hutoa kilo 1 tu. Hivyo nyumba ya watu 6 inaunguza kilo 13 au zaidi za mti kila siku ya kuoga maji ya moto. Hata kama familia hiyo inafanya hivyo nusu tu ya mwaka, zaidi ya tani 2 za mti zimekwenda, na hakuna chakula kilichopikwa kwazo.

Katika mkoa mwingine wowote hesabu hiyo ingekuwa ya kusikitisha. Katika Shinyanga ni zaidi ya hapo, kwa sababu mkoa huu ulikwisha kufika mwisho wa njia hiyo ukaona kulivyo. Tangu zama za ukoloni mapori ya Usukuma yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka, na kuni zikatafutwa mbali zaidi kila mwaka, hata eneo hili likaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa wote kwa jina la HASHI. Wataalamu wake hawakuja na miti ya kigeni peke yake. Walirudi kwa wazee wakaulizia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili majani na miti vipumzike, kisha kuifungua wakati wa kiangazi. Mpango ulipoanza, ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya Ikweta, inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Wanakijiji waliofunga ngitili walijinyima. Walizuia ng'ombe wao wenyewe wasile majani waliyoyaona kwa macho. Waliwatoza faini ndugu zao waliokata miti. Je, ni haki kwamba baada ya kazi hiyo ya karibu miaka 40, mti uliolindwa kijijini uishie chini ya sufuria ya maji ya kuoga mjini, chini ya paa ambalo mchana kutwa linaungua kwa jua? Serikali inakadiria kuwa nchi hupoteza zaidi ya hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Sababu zake ni nyingi, na kuoga si ya kwanza katika hizo. Lakini kati ya matumizi yote ya mti, hili ndilo lisilo na udhuru hata kidogo. Ugali hauwezi kusongwa kwa nyuzi 45, kuoga kwaweza.

Hapa ndipo wengine watasema kwamba dawa ni umeme. Watakumbusha kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024. Watakumbusha pia mradi wa umeme wa jua wilayani Kishapu, ambao mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2023, wa megawati 150 kwa jumla, ukianza na awamu ya megawati 50. Ni kazi kubwa na za kujivunia. Hata hivyo inafaa kutazama safari ambayo joto la ndoo ya Ngokolo litakuwa limesafiri. Jua linapiga paneli Kishapu. Paneli inageuza umeme yapata sehemu moja katika tano ya nguvu hiyo. Umeme unapita katika transfoma na nyaya, ukipungua njiani. Unafika Ngokolo, unaingia katika LUKU, unaingia katika hita ya ndooni, na hapo unageuzwa tena kuwa kile kile ulichokuwa mwanzo, yaani joto. Wakati huohuo jua hilo hilo lilikuwa juu ya paa la nyumba hiyo tangu asubuhi. Bati lililopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kioo hulinasa joto hilo moja kwa moja, na hupeleka majini nusu yake au karibu na nusu, bila nguzo wala transfoma.

Umeme ni nguvu ya heshima. Unawasha taa ya chumba cha kujifungulia, unaendesha mashine ya kusaga, unachomelea mlango, unapoza chanjo. Hayo jua peke yake haliwezi kuyafanya. Kuupeleka umeme kuvuguvugisha maji ya kuoga katika nchi ya jua ni sawa na kumwita daktari bingwa aje kupanga viti. Isitoshe, maji hayo hutakiwa jioni na alfajiri. Jioni ndiyo saa ile ile ambayo taa zote zimewashwa na mahitaji ya umeme yamepanda.

Mtambo wenyewe hauna siri. Ni sanduku bapa lenye bati jeusi ndani, juu yake kioo, na juu ya bati hilo mabomba membamba ya shaba. Tangi huwekwa juu kidogo ya sanduku. Maji yanayopata joto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi tangini, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake; mzunguko huo huendelea mpaka jua lizame, bila pampu. Mwalimu wa fizikia amekuwa akiufundisha mkondo huo wa joto kwa chaki ubaoni miaka yote. Shinyanga hupata kwa siku, kwa wastani, kati ya kilowati-saa 5 na 6 za jua katika kila mita ya mraba, na sanduku la mita za mraba 2 linaweza kupasha lita 200 kwa nyuzi 20 katika siku ya jua la kawaida. Hizo ni ndoo 10. Tangi likivikwa vizuri, maji ya saa 11 jioni huwa yangali na joto saa 11 alfajiri.

Kuna mambo mawili ambayo fundi wa Ngokolo apaswa kuyazingatia kuliko fundi wa kwingineko. La kwanza ni upande wa kuelekeza sanduku. Mji wa Shinyanga uko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, na katika miezi ya baridi jua huwa limehamia kaskazini. Sanduku na litazame kaskazini, likiinuliwa nyuzi 10 hadi 15, ili jua la Juni, ambalo ndilo linalohitajika kuliko yote, lilipige vema, na maji nayo yapate mteremko wa kuzunguka. La pili ni maji yenyewe. Visima vingi vya mkoa huu vina chumvi, na maji ya chumvi yakipata joto huacha ukoko unaoziba mabomba membamba. Lakini tangu mwaka 2009, mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele ulipozinduliwa, miji ya Shinyanga na Kahama imekuwa ikipata maji laini ya ziwa. Sababu kubwa iliyokuwa ikiwakatisha tamaa mafundi imepungua, wala haikutangazwa kwa sauti ya kutosha.

Kwa asiyeweza kununua mtambo, liko la kufanya leo. Dumu la lita 20 lililopakwa rangi nyeusi, likilazwa katika sanduku la mbao lililofunikwa kioo na kuwekwa juani tangu saa 3 asubuhi, jioni litakuwa na maji ya kuogea. Yakitakiwa ya alfajiri, dumu hilo lihamishiwe magharibi katika kasha lililojazwa pumba za mpunga, maranda ya seremala, au pamba chafu isiyouzika. Na katika mkoa unaolima pamba na mpunga, hakuna atakayesema vitu hivyo ni adimu. Tahadhari iwepo tu kwamba maji hayo ni ya kuoga na kufulia, si ya kunywa, kwani uvuguvugu hauui vijidudu. Na katika tangi la kioo na shaba maji ya mchana huweza kuunguza ngozi ya mtoto; ndoo ipokee maji ya baridi kwanza.

Basi kwa nini paa za Ngokolo ziko tupu? Jibu rahisi ni bei, na jibu hilo lina ukweli: mtambo wa dukani wa lita 200 gharama yake yaushinda mbali mshahara wa mwezi mmoja wa mtumishi wa kawaida. Lakini bei si jibu lote. Mtumishi huyo huyo hununua televisheni, hununua pikipiki, hukopa SACCOS akajenga msingi wa nyumba. Kinachomzuia hasa ni kwamba paa si lake. Sehemu kubwa ya watumishi na walimu huishi katika nyumba za kupanga au nyumba za mwajiri, na barua ya uhamisho yaweza kuja wakati wowote. Nani atafunga mabomba ya shaba juu ya paa la mtu mwingine, kisha ahamishiwe Geita au Kahama na kuyaacha? Mwenye nyumba kwa upande wake halipi LUKU wala hanunui mkaa. Gharama za kuni na umeme ni za mpangaji. Hivyo mwenye paa hana haja, na mwenye haja hana paa. Mradi hali hiyo ipo, semina na vipeperushi vya kuhimiza nishati safi vitasomwa, vitasifiwa, na vitawashiwa jiko.

Kwa sababu hiyo jambo hili haliwezi kuachiwa hiari ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2012 Serikali ya Kenya ilitoa kanuni kwamba jengo lolote linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lifungwe mtambo wa jua, na majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka 5 kutimiza. Utekelezaji ulisuasua. Wenye majengo walilalamika, na wakaguzi hawakutosha. Israel ilikuwa imepitisha sheria ya namna hiyo kwa majumba mapya tangu mwaka 1980, na huko mtambo wa jua umekuwa sehemu ya paa kama lilivyo bati. Tofauti moja kubwa iko katika mwanzo: kuufunga mtambo nyumba ikiwa bado inajengwa ni rahisi na hugharimu kidogo, kuupachika baada ya miaka 10, mabomba yakiwa yamezikwa ukutani, ni kazi ya kubomoa.

Funzo hilo lachukulika Shinyanga bila kungoja sheria ya Bunge. Halmashauri hujenga nyumba za walimu, mabweni, zahanati na vituo vya afya kila mwaka wa fedha. Michoro yake hupita mezani kwa mhandisi, gharama zake hupita mbele ya madiwani. Serikali yenyewe ilikwisha kuziagiza taasisi zinazohudumia zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. La kusikitisha ni kwamba mawazo ya wengi yamesimama kwenye chungu. Shule ya bweni ikinunua mitungi ya gesi kwa ajili ya maharage, huhesabiwa kuwa imetimiza wajibu, ilhali nyuma ya bweni wasichana wanaendelea kukusanya kuni za kupashia maji ya kuoga wakati wa mitihani ya baridi. Na katika zahanati, mama aliyejifungua usiku wa manane huletewa maji ya moto na ndugu zake, yaliyochemshwa kwa mafiga nje ya ukuta. Wodi ya wazazi ndiyo ingestahili tangi la kwanza.

Mafundi si tatizo lisilotatulika. Chuo cha VETA kipo Shinyanga. Bomba, uchomeleaji na useremala hufundishwa katika vyuo vya namna hiyo, na mtambo wa jua wahitaji fani hizo tatu tu zikutane katika karakana moja. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya kazi za aina hii hii, ingeweza kuchukua mfano mmoja ulio bora na kuufanya wa kawaida, ili mtu wa Ngokolo asilazimike kuagiza kutoka ng'ambo sanduku, kioo na bati. Mitambo duni ipo sokoni pia, na imekwisha kuwavunja moyo baadhi ya wanunuzi: mirija ya kioo inayopasuka mvua ya mawe ya kwanza, tangi linalopata kutu kabla ya mwaka wa pili. Shirika la Viwango lina kazi hapo, nayo si ya kungojwa mpaka malalamiko yajae magazetini.

Walimu wana nafasi yao ya pekee, wala si ya kuhubiri. Shule moja ya sekondari ikiwapa wanafunzi wa kidato cha tatu mbao, kioo kilichotoka dirishani, rangi nyeusi na kipimajoto, wakaandika kila saa nyuzi za maji kuanzia asubuhi hadi jioni kwa muda wa mwezi mzima, shule hiyo itakuwa na hesabu ya jua la Shinyanga iliyopimwa na watoto wa Shinyanga. Daftari hilo likipelekwa kwa mhandisi wa Manispaa litakuwa na uzito kuliko azimio lolote, kwa kuwa litajibu swali moja ambalo kila diwani huuliza: je, hapa kwetu inafanya kazi, hata siku za mawingu? Litajibu kwamba siku za mawingu ya masika maji hupungua joto, na siku hizo chache LUKU itumike.

Bajeti za halmashauri huanza kuandaliwa miezi mingi kabla ya Julai. Nyumba za watumishi zitakazoingizwa humo bado ni karatasi. Tangi na sanduku vyaweza kuongezwa kwenye mchoro kwa kalamu, na jina la atakayevitunza likaandikwa pembeni.